Nie ya Pili

Kiholanzi kina kitenzi kimoja kisichoweza kusimama bila kukanushwa. Kitenzi hicho ni "hoeven", na maana yake inakaribia "kulazimika". Ukitaka kumwambia mtu kwamba halazimiki kuja, utasema "je hoeft niet te komen". Ukitaka kumwambia kwamba analazimika kuja, "hoeven" inakukatalia. Itabidi utafute kitenzi kingine, "moeten", useme "je moet komen". Ukisema "je hoeft te komen", Mholanzi atakutazama akisubiri umalizie, kana kwamba umemeza neno moja njiani.

Mimi ni mfasiri, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikihamisha barua, mikataba na vyeti kati ya Kiholanzi na Kiswahili. Kazi hii inamzoeza mtu kuyaangalia maneno madogo kuliko makubwa. Maneno makubwa yako kwenye kamusi. Madogo ndiyo yanayoamua kama mtu atalipa au hatalipa, kama ataruhusiwa kuingia au atabaki mlangoni. "Hoeven" ndiyo iliyonifanya nianze kuifuatilia historia ya kukanusha katika Kiholanzi, na ufuatiliaji huo ukanipeleka mbali na Uholanzi, hadi kusini kabisa mwa bara letu, kwenye lugha ambayo nyumbani Morogoro tuliijua kwa jina moja tu: lugha ya makaburu.

Wanaisimu wanayaita maneno kama "hoeven" vipengele vya polariti hasi. Jina ni zito kuliko jambo lenyewe. Ni maneno yanayoishi kwenye kivuli cha hapana: kivuli kikiondoka, nayo yanaondoka. Kiswahili nacho kinayo tele. Tunasema "sitarudi kamwe", hatusemi "nitarudi kamwe". Tunasema "hakuja hata mmoja", na "alikuja hata mmoja" haisemeki. Mtu akishindwa vibaya tunasema hafui dafu, lakini nani amewahi kusikia bingwa akisifiwa kwamba anafua dafu? Fundi hodari tunasema si mchezo. Hakuna anayesema kwamba fundi mbovu ni mchezo.

Wenzetu Waholanzi nao wana yao. Mtu asiyechezewa wanasema "niet voor de poes", yaani si wa paka. Lawama kali wanasema "niet mals", si laini, na hapo wanatumia ujanja uleule tunaoutumia tunaposema mavuno ya mwaka huu si haba. Mahali penye mashaka ni "niet pluis". Jack Hoeksema, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Groningen kaskazini mwa Uholanzi, ametumia miongo kadhaa kukusanya semi na maneno ya namna hii katika Kiholanzi, na hesabu yake inakwenda kwenye mamia.

Swali lililowasumbua wanaisimu ni hili: maneno haya yanakijuaje kivuli chao? Jibu rahisi lingekuwa kwamba yanatafuta neno "niet", kama "hafui dafu" inavyotafuta "ha-". Lakini jibu hilo halitoshi. "Hoeven" inakubali kukaa na "niemand", hakuna mtu. Inakubali kukaa na "zonder", yaani bila: unaweza kuingia mahali "zonder te hoeven wachten", bila kulazimika kusubiri. Inakubali hata "weinig mensen", watu wachache, ambamo hakuna alama yoyote ya kukanusha inayoonekana kwa macho.

Mwaka 1979 Mmarekani William Ladusaw alitoa maelezo katika tasnifu yake ya udaktari kwenye Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, na kwa kiasi kikubwa maelezo hayo yamesimama hadi leo. Chukua sentensi mbili. Ukisema "mtu amekula tunda", hujasema kwamba amekula embe. Huenda alikula papai. Lakini ukisema "hakuna aliyekula tunda", umekwisha kusema kwamba hakuna aliyekula embe, wala papai, wala nanasi. Sentensi ya kwanza haikuruhusu kushuka kutoka kwenye jambo pana kwenda kwenye jambo dogo. Ya pili inakuruhusu. "Wachache wamekula tunda" nayo inakuruhusu: waliokula embe hawawezi kuwa wengi kuliko waliokula matunda. Mteremko huo ndio unaoyavuta maneno ya kivulini. Yanaitafuta hapana ya maana, hata pale ambapo hapana ya sauti haipo.

Groningen ndiko wazo hilo lilikopangwa ngazi kwa ngazi. Frans Zwarts, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa chuo hicho, alionyesha kwamba kivuli kina unene tofauti. Kuna maneno dhaifu kama "hoeven", yanayoridhika na "wachache" tu. Kuna yenye masharti zaidi, kama "ook maar iets", yaani hata kitu kimoja, yanayodai "hakuna mtu" au "bila" na kuikataa "wachache". Na kuna magumu kabisa, kama "mals", yasiyokubali chochote isipokuwa "niet" yenyewe, uso kwa uso.

Katika ngazi hiyo kuna neno moja ninalotaka msomaji aliweke akilini, maana tutalihitaji baadaye. Ni neno "pekee", au "tu". Kiholanzi husema "alleen". Sentensi "alleen volwassenen hoeven te betalen" ni sahihi: watu wazima pekee ndio wanaolazimika kulipa. "Hoeven" imeingia bila kizuizi, ingawa hakuna "niet", hakuna "bila", hakuna kukanusha popote. Imeingia kwa sababu imesikia kile ambacho "pekee" inakificha: watoto hawalipi. Kila "pekee" ina hapana ndani yake, na kitenzi hiki kinaisikia.

Sasa twende kwenye historia.

Neno "niet" halikuanza kama kikanushi. Katika Kiholanzi cha kale lilikuwa ni muungano uliomaanisha "si kitu chochote", na kazi yake ilikuwa kutia nguvu. Mkanushaji wa kweli alikuwa silabi nyembamba, "en", iliyokaa mbele ya kitenzi. Watu wa Zama za Kati walisema "ic en weet niet", mimi sijui, wakiweka alama mbili, moja mbele na moja nyuma. Mdenmarki Otto Jespersen alieleza mwaka 1917 jinsi lugha nyingi zinavyozunguka mzunguko huu: kikanushi cha zamani kinachakaa, msaidizi anakuja kukitia nguvu, kisha msaidizi anarithi kazi yote na bwana wake anasahauliwa. Biblia rasmi ya Waholanzi ya mwaka 1637 bado ilikuwa na "en" na "niet" pamoja. Lakini katika karne hiyohiyo "en" ilikuwa inatoweka, na leo imebaki kwenye vinywa vya watu wa Flanders Magharibi, huko Ubelgiji, na wachache wengine.

Hicho ndicho Kiholanzi kilichopanda meli. Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1602, ilihitaji mahali pa kupata maji, nyama na mboga katikati ya safari ndefu ya kwenda Indonesia. Tarehe 6 Aprili 1652 Jan van Riebeeck alitia nanga kwenye Rasi ya Tumaini Jema. Watu wa pale, Wakhoekhoe, walikuwa wafugaji waliokwisha kuzoea kufanya biashara na meli zinazopita. Miaka sita baadaye, mwaka 1658, zilifika meli mbili zilizobeba watumwa: Amersfoort, yenye watu wa Angola walionyang'anywa Wareno, wengi wao wakiwa watoto, na Hassalt, kutoka pwani ya Afrika Magharibi. Tangu mwaka ule hadi biashara hiyo ilipopigwa marufuku mwaka 1808, makadirio ya wanahistoria yanafika watu 63,000 hivi walioletwa Rasi kama watumwa. Walitoka Madagaska, India, visiwa vya Indonesia na pwani ya mashariki ya Afrika, hasa Msumbiji. Kati ya 1776 na 1778 meli za kampuni hiyo zilifika hata kwenye pwani ya Waswahili, Zanzibar ikiwamo, kutafuta watu wa kununua.

Sitaki kudai kwamba babu zetu waliifundisha Rasi namna ya kukanusha. Ushahidi wa jambo hilo haupo. Ninachotaka kionekane ni kwamba kwa muda mrefu, katika mji mmoja mdogo chini ya mlima, Kiholanzi kilikuwa kinasemwa kila siku na watu ambao wengi wao hawakukipata kwa mama zao. Jikoni, shambani, kwenye zizi, na katika jumba ambalo kampuni ilijenga mwaka 1679 kuwaweka watumwa wake, watu waliambizana mambo kwa Kiholanzi, kwa Kireno cha mabaharia, kwa Kimalei, na kwa mchanganyiko wa vyote. Lugha iliyotoka humo ndiyo Kiafrikaans.

Na Kiafrikaans kinakanusha kwa namna yake. Mholanzi anasema "ik ken die man niet", simjui mtu yule. Kwa Kiafrikaans ni "ek ken nie die man nie". "Nie" ya kwanza tunaijua. Ni "niet" iliyokatwa mkia. Ya pili inakwenda mwisho kabisa wa sentensi, hata sentensi ikiwa ndefu namna gani. "Ek het nie geweet dat jy siek was nie": sikujua kwamba ulikuwa mgonjwa, halafu "nie", kama mtu anayefunga lango baada ya mifugo yote kuingia. Hata pakiwa na "niemand" au "niks" ndani, lango linafungwa vilevile: "hy het niks gesê nie", hakusema chochote. Ni pale tu "nie" ya kwanza inapoangukia mwisho ndipo moja inatosha: "ek slaap nie", silali. Na amri ya kukataza ina umbo lake, "moenie hardloop nie", usikimbie. Kitenzi chetu cha kivulini nacho kilivuka bahari pamoja na wengine. Kwa Kiafrikaans kinaitwa "hoef", na tabia yake ni ileile: "jy hoef nie te betaal nie", hulazimiki kulipa.

"Nie" ya pili haikuwa ile "en" ya kale iliyohama. "En" ilikaa mbele ya kitenzi. Hii inakaa mwisho wa maneno yote. Ilitoka wapi basi?

Wapo wanaosema ilitoka Ulaya. Katika baadhi ya lahaja za Ubelgiji, kama ile ya eneo la Aarschot, watu hurudia "nie" mwishoni kwa namna inayofanana sana na ya Kiafrikaans. Wapo wanaotazama Kireno cha watumwa na mabaharia, na kweli Kireno cha Brazili na cha Angola hadi leo husema "não" mbele na "não" nyuma. Mwaka 1899 Dirk Christiaan Hesseling, mwanazuoni wa Leiden, alichapisha kitabu akieleza kwamba Kiafrikaans kwa ujumla wake hakiwezi kueleweka bila mchanganyiko wa Kimalei na Kireno uliosemwa na watumwa. Hoja hiyo haikuwafurahisha wote waliotaka lugha yenye nasaba safi.

Na wapo wanaowatazama Wakhoekhoe. Katika lugha yao, ambayo nduguye wa karibu bado anasemwa Namibia, neno la kukanusha, "tama", linakuja baada ya kitenzi, mwishoni mwa sentensi. G. S. Nienaber aliitetea hoja hiyo katika miaka ya 1950, na mwaka 1986 Hans den Besten wa Amsterdam akaijenga upya kwa undani. Mtu mzima anayejifunza lugha ngeni hubeba mazoea ya lugha yake. Kama tangu utoto wako hapana inakuja mwisho, utaisikiliza mwisho, na usipoisikia utaiweka mwenyewe.

Mmoja wa watu hao tunamjua kwa jina. Krotoa alikuwa binti wa Kikhoekhoe aliyechukuliwa akiwa mdogo kufanya kazi nyumbani kwa van Riebeeck. Alijifunza Kiholanzi na Kireno, akawa mkalimani baina ya kampuni na watu wake, akaolewa na Mzungu mwaka 1664, akafa mwaka 1674 baada ya kufukuziwa Kisiwa cha Robben zaidi ya mara moja. Maisha yake tunayapata kwenye shajara za kampuni, yaani kwa maneno ya watu wengine. Mimi ninayeishi kwa kazi ya ukalimani na tafsiri humfikiria mara nyingi. Aliyoyabeba kutoka upande mmoja hadi mwingine yaliandikwa kama ripoti za waliomsikiliza. Namna alivyoyasema haikuandikwa. Ndui ya mwaka 1713 iliua sehemu kubwa ya Wakhoekhoe wa Rasi, na lugha zao pale zikafifia hadi kuisha.

Sina mizani ya kuamua kati ya hoja hizi, na huenda mito miwili au mitatu iliingia kwenye ziwa moja: desturi ya lahaja ikakutana na mazoea ya watu waliojifunza lugha ukubwani, kila moja ikaitia nguvu nyenzake. Lakini tazama tunapotafuta. Tunatafuta kwenye masikio ya watumwa na wachungaji, kwa sababu sarufi ndiyo karibu hati pekee waliyoachiwa nafasi ya kuiandika. Mikataba waliwekewa, majina walipewa, mashamba waliandikiwa wengine.

Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu kufunga pande zote mbili. Tunasema "anapenda", lakini tukikanusha tunaweka "ha-" mbele na kugeuza irabu ya mwisho: "hapendi". Alama moja kichwani, nyingine miguuni. Vitenzi vilivyotoka Uarabuni haviigeuzi, tunasema "hajibu" na "hasamehe", na hakuna anayelalamika kwamba kukanusha kumepungua. Lugha huzoea kufunga mara mbili bila kuuliza kwa nini. Hakuna anayedai kwamba Mswahili akisema "hapendi" amekanusha mara mbili na kwa hiyo anapenda.

Maandishi ya kwanza ya Kiafrikaans yanasema jambo lilelile kuhusu nani aliijenga lugha hii. Kwenye mitaa ya Waislamu wa Cape Town, wajukuu wa watumwa na wafungwa kutoka Asia, watoto walisomeshwa madrasa kwa lugha ya nyumbani, na lugha hiyo iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama Kiswahili kilivyoandikwa pwani yetu kwa karne nyingi. Abu Bakr Effendi, mwanachuoni aliyetumwa na Sultani wa Dola ya Osmania na kufika Rasi mwaka 1863, aliandika kitabu cha fikihi kwa Kiafrikaans hicho, kikachapishwa Istanbul mwaka 1877. Mbali kidogo, mjini Paarl, tarehe 14 Agosti 1875, wanaume weupe wachache walikuwa wameunda Chama cha Waafrikana wa Kweli kuipigania lugha hiyohiyo kama mali ya taifa lao. Gazeti lao lilianza kutoka Januari 1876. Herufi za Istanbul na herufi za Paarl ziliandika lugha moja ndani ya miaka miwili.

Tunajua ni herufi zipi zilizoshinda. Mwaka 1925 Bunge la Afrika Kusini lilitambua Kiafrikaans kuwa lugha rasmi. Biblia nzima ilitoka mwaka 1933. Katika miongo hiyo wanasarufi walikaa wakachagua lipi ni sahihi na lipi si sahihi, na "nie" ya pili ikawa sharti. Barua za watu wa karne ya 19 zilikuwa zinaitumia hapa na kuiacha pale, kwa kadiri ya mwandishi na mazoea yake. Sasa mwanafunzi aliyeisahau alipigiwa mstari mwekundu. Jambo ambalo huenda lilitoka kinywani mwa mchungaji wa Kikhoekhoe au mpishi wa Kimalei likawa alama ya utaifa wa watu waliosema kwamba lugha yao ilitoka Ulaya tu, ikiwa safi.

Ndipo tunarudi kwenye neno nililomwomba msomaji aliweke akilini.

Mwaka 1953 serikali ya ubaguzi ilipitisha sheria ya kutenganisha huduma za umma kwa rangi. Mabenchi, vyoo, fukwe, milango ya posta na mabehewa ya treni vikapata vibao. Maneno yake yanajulikana duniani kote: "Slegs blankes". Weupe pekee.

Kitazame kibao hicho kwa jicho la sarufi. Hakina "nie", si ya kwanza wala ya pili. Lugha ambayo imejipatia mazoea ya kukanusha mara mbili, inayofunga lango hata pale lilipokwisha kufungwa, ilipofika kwenye katazo kubwa kuliko yote haikukanusha hata mara moja. Kibao kinamtaja aliyealikwa tu. Anayefukuzwa hatajwi. Hakuna mtu mweusi kwenye maneno hayo, hakuna Mhindi, hakuna mjukuu wa Krotoa. Ofisa wa wakati ule angeweza kusema, na sarufi ya juujuu ingemuunga mkono, kwamba kibao hakikumkataza mtu yeyote, kilitoa ruhusa.

Lakini "hoef" inajua. Kwa Kiafrikaans watu husema kila siku "jy hoef net te vra", unahitaji kuomba tu. Kitenzi kile kisichokaa bila hapana kinakaa na "net", yaani "tu", bila wasiwasi, kwa sababu ndani ya "tu" kuna hapana iliyojificha. "Slegs" ni neno la ukoo huohuo. Sarufi yao wenyewe iliwashuhudia. Maana iliyofichwa kwenye kibao ilikuwa imekwisha kusajiliwa ndani ya kitenzi kidogo ambacho kila mtoto wa Kiafrikaans alijifunza kabla ya kujua kusoma kibao.

Na waliofukuzwa na kibao hicho walikuwa wasemaji wa lugha hiyohiyo. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ilitangaza kwamba District Six, mtaa wa katikati ya Cape Town, ni eneo la weupe. Zaidi ya watu 60,000 waliondolewa, na nyumba zikabomolewa kwa tingatinga. Wengi wao walikuwa watu walioitwa machotara, wazao wa watumwa na Wakhoekhoe, na nyumbani wengi walisema Kiafrikaans cha Rasi, kile ambacho leo kinaitwa Kaaps. Walitolewa kwenye nyumba zao kwa amri zilizoandikwa kwa lugha iliyopikwa kwenye majiko ya mabibi zao.

Nyumbani kwetu hadithi hiyo ilikuja kwa njia nyingine. Serikali ya Afrika Kusini ilipolazimisha shule za weusi zifundishe nusu ya masomo, hisabati ikiwamo, kwa Kiafrikaans, wanafunzi wa Soweto waliandamana tarehe 16 Juni 1976, na polisi wakawafyatulia risasi. Hector Pieterson alikuwa na miaka 12. Maelfu ya vijana walikimbia nchi, na baadhi yao waliishia Mazimbu, Morogoro, ambako chama cha ANC kilijenga shule kwenye ardhi iliyotolewa na Tanzania. Shule ilipewa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, siku ileile ya mwezi ambayo van Riebeeck alishuka pwani.

Nilikua nikiamini, kama wengi wa Morogoro, kwamba lugha ile ilikuwa mali ya waliomnyonga. Mtu hawezi kuwalaumu vijana wa Soweto kwa kuikataa, wala mimi siwalaumu. Walikuwa wanakataa kuambiwa kwamba hisabati itapita kwenye mlango ambao ufunguo wake wanao wengine. Lakini takwimu za sensa ya Afrika Kusini ya 2011 zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanaosema Kiafrikaans nyumbani si weupe. Lugha haikuwahi kuwa na kibao mlangoni. Kibao kiliwekwa na watu.

Kwa mfasiri, somo hapa ni la kazi ya kila siku. Ninapopokea barua ya ofisi inayosema huduma hii ni kwa fulani na fulani pekee, najiuliza kama naweza kuiandika upya kwa kitenzi cha kivulini. Nikiweza, basi kuna mtu aliyekanushwa ndani ya barua hiyo bila kutajwa, na kazi yangu ni kuhakikisha kwamba msomaji wa Kiswahili anaisikia hapana hiyo kama ilivyo. Kanuni hii haihitaji hasira. Inahitaji sikio tu, na hata katika sentensi hii niliyoandika sasa hivi, "tu" imemkanusha mtu.

Sheria ya mwaka 1953 ilifutwa mwaka 1990, na vibao vikang'olewa. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 ilitaja lugha rasmi 11, Kiafrikaans kikiwa kimojawapo, katikati ya wenzake. Kifungu cha 9 kinaikataza serikali kumbagua mtu kwa rangi, jinsia, dini, lugha na mengineyo. Katika nakala ya Kiafrikaans katazo hilo limeandikwa kama sarufi inavyotaka. Halikujificha ndani ya "pekee". Lina "nie" yake ya wazi mwanzoni, na baadaye inakuja ile nyingine, ya watu wasiojulikana, kulifunga.